Shahada ni Moja, Siku Hazifanani

   Karibuni tena katika mazungumzo yetu ya Jumatatu. Wewe uliyesimama ndani ya daladala pale Buguruni, wewe uliyeinjika maharage uani huko Mbagala, wewe unayehesabu mauzo ya leo dukani Mwananyamala, nyote nawakaribisha. Ongeza sauti ya redio kidogo, tuzungumze.

Leo nina jambo la msimu. Matokeo ya kidato cha sita yalishatoka, vijana wameomba vyuo, na sasa majina ya waliochaguliwa yanatangazwa. Ziko nyumba ambazo wiki hii simu haiwekwi chini. Ukiingia ujumbe, sebule nzima inageuka. Kama nyumba hiyo ni yako, basi maneno ya leo ni yako.

Wiki iliyopita nilipita Tandika asubuhi kununua vitumbua. Mama anayeniuzia tumefahamiana miaka mingi. Akaniambia, "Mwalimu, leo usiondoke haraka, nina neno." Akamwita mwanawe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Hongera kwa matokeo."

Mama akaendelea: "Huyu amechaguliwa vyuo viwili, Mlimani na Chang'ombe. Kote ualimu. Anatakiwa athibitishe kimoja. Mimi nasema Chang'ombe, hapo si mbali. Yeye anasema chuo ni Mlimani. Wewe mwalimu unasemaje?"

Wasikilizaji, sikumjibu pale pale. Nilimwomba siku chache nilifikirie. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi na kijana aliye kwenye njia panda kama hiyo.

Nitagusa mambo matatu. La kwanza, jina la chuo. La pili, njia ya kwenda chuoni. La tatu, mahali utakapolala. Nayarudia ili yakae kichwani: jina, njia, na mahali pa kulala. Vijana wengi hutazama la kwanza tu, na hayo mawili mengine huyakuta Oktoba wakiwa wameshabeba begi.

Haya, tuanze na jina.

Yule kijana aliposema chuo ni Mlimani, nilimwelewa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam penyewe, ni jina kubwa. Ukilitaja kijijini, wazee wanatikisa kichwa kwa heshima. Lakini hebu tuulizane: Chang'ombe ni nini? Pale Temeke, jirani na Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Wengi tunakiita DUCE. Zamani palikuwa chuo cha ualimu. Mwaka 2005 pakapandishwa hadhi, pakawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huohuo, kule Iringa, shule ya Mkwawa nayo ikapandishwa, ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Sasa sikiliza vizuri neno hili, kishiriki. Maana yake si chuo cha daraja la pili. Maana yake ni kwamba chuo kina mkuu wake, walimu wake, madarasa yake na wanafunzi wake, lakini shahada inatolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyesoma Chang'ombe na aliyesoma Mlimani, siku ya mahafali, shahada yao inatoka kwa mama mmoja. Narudia, mama mmoja.

Na kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi. Mlimani yenyewe imewahi kuwa chuo kishiriki. Ndiyo. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, na hakikuwa Mlimani. Kilikuwa mjini, Mtaa wa Lumumba, pale Mnazi Mmoja, ndani ya jengo la TANU. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa mmoja wa ndugu watatu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1964 ndipo kikapanda kilimani. Na mwaka 1970, tarehe 1 Julai, kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea.

Umeona? Karibu miaka tisa chuo hiki kilikuwa mtoto ndani ya nyumba ya mwingine. Je, waliosoma miaka ile hawakusoma? Hawakuwa mawakili, majaji, walimu, viongozi? Kijana Yoweri Museveni alitoka Uganda, ambako Makerere ipo, akaja kusoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970. Wakati huo Mlimani ilikuwa chuo kishiriki. Mhadhiri Walter Rodney, mtu wa Guyana, alikuwa akifundisha historia palepale. Wanafunzi walikuwa wakibishana hadi usiku juu ya ukombozi wa Afrika. Hakuna aliyeingia darasani akiwa mnyonge kwa sababu ya neno kishiriki.

Na Mlimani nayo imelea wengine. Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki chake, kisha mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha afya. Ardhi, pale Survey, nayo ilikuwa chuo kishiriki, na mwaka huohuo wa 2007 ikasimama kwa miguu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1984, kilimo kule Morogoro kilishaondoka na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Ndivyo vyuo vinavyokua: mtoto anakaa kwa mama, anapata nguvu, siku moja anaanzisha mji wake.

Kwa hiyo, mwanangu wa Tandika, kwa upande wa jina nakwambia hivi: lisikuogopeshe na lisikupofushe. Shahada ni moja. Kama kitu pekee kinachokuvuta Mlimani ni jinsi neno lenyewe litakavyosikika kwa wenzako, hiyo peke yake haitoshi kukulisha kwa miaka mitatu.

Lakini sitaki kudanganya upande wa pili pia. Mlimani ina vitu vyake. Ni pakubwa. Pana Ukumbi wa Nkrumah, pana maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2018, pana watu wa uhandisi, wa sheria, wa sayansi, wa sanaa, wote wanapita njia moja. Ukikaa kwenye vimbweta vya pale, mwenzako wa kushoto anachora daraja na wa kulia anasoma mashairi. Chang'ombe ni padogo, na wengi waliokuzunguka wanaelekea huko unakoelekea, darasani. Udogo nao una faida: hupotei ndani ya umati, na hutafuti ofisi ya mwalimu kwa nusu siku. Wapo watu wanaochanua penye wengi. Wapo wanaochanua penye wachache. Wewe ni nani kati ya hao? Hilo hakuna atakayekujibia.

Haya, hilo ni jina. Twende kwenye njia.

Nataka sasa uniazime akili yako kidogo. Usifikirie siku ya mahafali. Usifikirie siku ya kuripoti. Fikiria Jumanne moja ya kawaida, mwezi wa Aprili, mvua za masika zinanyesha, una kipindi saa mbili asubuhi. Umelala Mbagala Rangi Tatu kwa wazazi wako. Darasa lako lipo Mlimani. Unaamka saa ngapi?

Tuhesabu pamoja. Unatoka Rangi Tatu, Barabara ya Kilwa, unapita Mtoni, unafika Uhasibu. Hapo unashika Barabara ya Mandela. Tazara, Buguruni, Tabata, External, Ubungo. Malori ya bandarini yako mbele yako, mengine nyuma yako. Ukifika Ubungo bado hujafika; unatafuta gari la kukupandisha chuoni. Mwenye kipindi saa mbili hawezi kuamka saa kumi na mbili. Anaamka saa kumi alfajiri. Na jioni njia ni hiyohiyo, na foleni ni hiyohiyo.

Sasa darasa hilohilo liweke Chang'ombe. Unashika Barabara ya Kilwa ileile, lakini ukifika Uhasibu safari inakaribia kwisha. Na yule kijana wangu wa Tandika je? Kwake Chang'ombe ni gari moja, na siku ambayo mfuko umekauka hata miguu itamfikisha.

Ligeuze upande wa pili. Binti anakaa Kimara. Kwake Mlimani ni karibu. Akichaguliwa Chang'ombe, atapanda mwendokasi hadi Gerezani, kisha atafute daladala la Temeke linalopita Chang'ombe. Si safari ya kumshinda mtu, lakini ni safari ya kila siku, na lazima aijue kabla ya kuithibitisha.

Na kuna mtego mwingine. Unaweza kuchaguliwa Mlimani, ukafurahi, halafu ukagundua kwamba vipindi vyako havipo Mlimani. Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kwa mfano, ipo Kijitonyama. Ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilekile, lakini ni kituo kingine cha daladala. Kwa hiyo usiulize tu, nimechaguliwa chuo gani? Uliza, mlango wa darasa langu upo mtaa gani?

Nataka kusema neno juu ya foleni, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Kijana anayesafiri masaa mawili kwenda na mawili kurudi anapoteza zaidi ya muda. Anafika darasani amechoka kabla mwalimu hajaanza. Kikundi cha majadiliano kikikubaliana kukutana saa moja usiku, yeye hayupo. Nimefundisha miaka mingi, nimewaona wanafunzi wenye akili nzuri kabisa wakishuka mwaka wa kwanza, na ukimchunguza mmoja mmoja unakuta kinachomwangusha ni barabara.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa wa leo ni huu, na nitaurudia mwishoni: kabla hujathibitisha chuo, ipite siku yake. Amka kama utakavyoamka, panda gari utakalopanda, shuka utakaposhuka, tembea hadi mlango wa darasa. Halafu rudi jioni saa ile watu wote wanaporudi. Utaniambia, mwalimu, sasa hivi chuo kipo likizo. Ni kweli, chuo kipo likizo. Foleni ya Mandela haina likizo.

Sasa jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Utalala wapi?

Kule Uingereza, kwenye vyuo vikuu vya zamani kama Oxford na Cambridge, mwanafunzi huomba chuo kikuu na wakati huohuo huomba nyumba yake ndani ya chuo kikuu hicho. Nyumba hiyo ina bwalo lake, maktaba yake, bustani yake, na walezi wake. Mtu akizeeka bado atakutajia nyumba aliyotoka. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Makerere walirithi kitu cha namna hiyo kwenye mabweni. Mtu wa bweni la Lumumba ni mtu wa Lumumba maisha yake yote. Vijana wa Lumumba na mabinti wa bweni la Mary Stuart wana undugu wao hadi leo, wanauita Lumbox. Bweni linampa mtu wimbo, watani, na watu wa kumzika.

Dar es Salaam haikwenda hivyo. Mabweni ya Mlimani yana namba tu: bweni la kwanza, la pili, hadi la saba. Kisha pakaja hosteli za Mabibo. Kisha mwezi wa Aprili 2017 yakazinduliwa mabweni tunayoyaita ya Magufuli, majengo 20, vitanda vya wanafunzi 3,840. Ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, na hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila aliyepita chuo anashikwa na huruma akilisikia: kubebana. Mwenzako amepata kitanda, wewe hujapata, anakubeba. Mnalala wawili penye nafasi ya mmoja, begi lako lipo chini ya uvungu, na ukisikia ukaguzi unaondoka kimya kimya. Wapo watu wazima leo, wenye vyeo na familia, waliomaliza chuo kwa sababu kuna mtu aliwabeba. Kama ulibebwa, mpigie simu aliyekubeba, mshukuru. Na kama ulibeba, Mungu akulipe.

Basi tuseme njia za kulala ni tatu. Bwenini, nyumbani, au mtaani. Tuzipitie moja moja.

Bwenini. Kama unaweza kupata kitanda cha chuo, hasa mwaka wa kwanza, nakushauri ukikimbilie. Omba mapema, fuata tarehe, lipa kwa wakati. Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu bwenini utaishi na mtu usiyemchagua. Wewe umezaliwa Temeke, umekulia Temeke. Chumbani utamkuta mmoja katoka Kasulu, mwingine Newala, mwingine Wete, Pemba. Mmoja anaamka usiku kusali, mwingine anasoma kwa sauti, mwingine anatuma nusu ya hela yake nyumbani kila mwezi na hasemi. Utajifunza kunyamaza, utajifunza kuomba radhi, utajifunza kugawana sukari. Masomo hayo hayana mtihani, lakini nchi hii imeshikwa nayo.

Nyumbani. Vijana wengi wa Dar watasoma wakitokea nyumbani, na hilo si aibu. Unaokoa kodi, unakula chakula cha mama, na ukiumwa kuna wa kukutazama. Lakini hapa nataka kuzungumza na wazazi. Wazazi wangu, mkiamua mtoto asome akitokea nyumbani, basi nyumba nayo ikubali kwamba ina mwanafunzi. Nimewaona mabinti wanaorudi saa mbili usiku, miguu imevimba, wanakuta vyombo vya mchana vinawasubiri, mdogo mtu hajaogeshwa, na mgeni anataka chai. Asubuhi saa kumi wameshaamka. Kaka mtu yupo kwenye kochi anatazama mpira. Jamani, huyo binti atasoma saa ngapi? Kama huwezi kumpunguzia kazi, umechagua chuo cha karibu bure. Nasema hili kwa mapenzi, na nasema tena: kama huwezi kumpunguzia kazi, umechagua chuo cha karibu bure. Mpeni meza. Mpeni taa. Mpeni masaa mawili ya usiku ambayo hakuna atakayemwita.

Njia ya tatu ni mtaani, yaani kupanga. Changanyikeni, Msewe, Makongo, Mabibo, kwa wale wa Mlimani. Keko, Temeke, Mtoni, kwa wale wa Chang'ombe. Hapa nitawasimulia yaliyonipata mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa jijini sikupata kitanda. Nikatafuta chumba kwa dalali. Alinipeleka saa sita mchana. Chumba kisafi, dirisha kubwa, mti wa mwembe uani, kimya kabisa. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikamlipa dalali ya mwezi mmoja, mfuko ukabaki mtupu. Usiku wa kwanza, saa tatu, ukuta wa pili ukaanza kutetemeka. Kulikuwa na baa. Mchana inafungwa, usiku inafunguliwa. Sikuwa nimeuliza, na hakuna aliyeniambia. Nilikaa miezi sita nikisomea chini ya taa ya kituo cha mafuta na kurudi kulala alfajiri. Muhula ule nilianguka somo moja. Nililirudia na nikafaulu, lakini sitasahau jinsi nilivyokaa kitandani nikijiuliza ningepungukiwa nini kama ningerudi pale usiku mmoja tu kabla ya kulipa.

Kwa hiyo mwanangu unayetaka kupanga, shika haya. Chumba kitazame mara mbili, mchana na usiku. Uliza maji yanatoka siku gani, na yasipotoka dumu linauzwaje. Uliza umeme, LUKU ni yako peke yako au mnachangia, na mnachangia wangapi. Tembea kutoka kituoni hadi mlangoni baada ya magharibi, uone kama njia ina taa. Kama wewe ni binti, usiende peke yako, nenda na ndugu. Andikishianeni mkataba, hata kama ni karatasi ya daftari. Na ukihamia, nenda ukajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Mtaa ukikujua unakulinda.

Na hela? Wengi mnategemea mkopo. Fedha ya chakula na malazi inakuja kwa vipindi, haiji kila mwezi. Nyinyi wenyewe mnaiita bumu. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu bumu la kwanza linaishia kwenye kodi, na Novemba mtu anakula chipsi kavu. Kaeni na wazazi mapema. Ndugu, shangazi, mjomba, kila mtu ajue mzigo unakuja mwezi gani. Aliyezoea kukuchangia harusini anaweza pia kukuchangia kodi ya mwaka wa kwanza, ukimwambia kwa wakati.

Kabla sijafunga, kuna kosa moja dogo linaloniuma. Kijana amefaulu vizuri, anakwenda kuomba chuo kwenye steshenari. Anayebonyeza kompyuta anamuuliza, "Tujaze wapi?" Kijana anajibu, "Popote penye nafasi." Jamani! Miaka mitatu ya maisha yako inachaguliwa na mtu aliye na foleni ya wateja kumi nyuma yako. Mtu wa steshenari akusaidie kubonyeza, asikusaidie kuamua. Nenda na karatasi umeshaandika. Na namba ya siri ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu yako, iwe yako. Usimwachie mtu.

Wazazi, nanyi nawaomba jambo moja. Mwacheni mtoto aseme. Mama wa Tandika anataka Chang'ombe kwa sababu ni karibu, na ana haki, ndiye atakayetoa nauli. Kijana anataka Mlimani kwa sababu anataka kutoka, kukutana na watu, kupumua hewa nyingine. Naye ana haki. Ukaribu ni kitu chema. Kutoka nyumbani nako ni kitu chema. Msigombane kwa majina. Wekeni siku mbili mezani, Jumanne ya Mlimani na Jumanne ya Chang'ombe, mzitazame kuanzia alfajiri hadi usiku. Mtoto alale wapi, apande nini, ale wapi, asome saa ngapi, arudi na nani. Mkimaliza kuhesabu, mara nyingi mtakuta mnakubaliana.

Turudie basi tulichosema. Jina la chuo: shahada ni moja, neno kishiriki lisikutishe. Njia ya chuo: jua mlango wa darasa lako upo mtaa gani, na ipite siku yake kabla ya kuthibitisha. Mahali pa kulala: bwenini ukipata, nyumbani nyumba ikikubali, mtaani ukishatazama usiku na mchana. Jina, njia, mahali pa kulala.

Na jibu langu kwa mama wa Tandika? Jana jioni nilipita tena kwake. Sikumwambia Chang'ombe, wala sikumwambia Mlimani. Nilimwomba kijana wake, na nilimwomba yeye mwenyewe, wafanye jambo moja. Kesho ni Jumanne. Saa kumi na moja alfajiri watakuwa kituoni, mama na mwana. Vitumbua vya kesho atauza dada yake. Wataanza na safari ndefu, Mandela yote hadi Ubungo, wapande Mlimani, watafute jengo la darasa lake. Wakirudi, watashuka Chang'ombe wafanye hivyohivyo. Mama ameniambia kwamba tangu amzae mwanawe yeye hajawahi kufika Mlimani, ingawa ameishi jiji hili miaka yote. Kijana akasema, "Mimi ndiye nitakayekuongoza, mama."

Kama na wewe una mtoto mwenye majina mawili ya vyuo kwenye simu, kesho bado mapema. Tukutane kituoni.